Kuvu wa Bogusia Walivyonenepa

Wifi yangu Truda alizaliwa na wivu kama wengine wanavyozaliwa na pua kubwa: ulimtangulia kuingia kila mlango. Simsengenyi. Nimemwambia hivyo usoni mara nyingi, naye hunijibu kwamba wivu wake ndio uliomfikisha alipofika, je, mimi nisiye nao nimefika wapi? Nimefika kwenye ndoo na fagio, namwambia, na nikilala napata usingizi.

Aliolewa na kaka yangu Alojz, mchimba makaa. Tulifanya kazi mahali pamoja, katika kituo cha samaki cha Zastawie, ambako mabwawa ya karpi yamepangana hadi unachoka kuyatazama. Mimi nilifagia na kuwasha majiko. Truda alikuwa na koti jeupe, na mifugo yake ilikuwa kuvu wa majini.

Msicheke. Kuvu hao wametutia hasara kuliko wezi. Kila majira ya kuchipua karpi wanapotaga, ukijisahau kidogo tu unakuta mayai yamevaa pamba nyeupe. Ile si pamba. Huanza na yai lililokufa, kisha hunyoosha nyuzi zake kwa jirani aliye hai, mpaka beseni zima linakuwa godoro. Daktari Haładyn, mkuu wa maabara yetu, mtu mrefu mwenye mabega ya kuinama, aliamua kuwachunguza kwa njia ya tumbo. "Adui ukishajua anakula nini," alikuwa akisema, "unajua pia umnyime nini."

Basi Truda aliwalisha. Alichemsha mbegu za bangi, na ninyi wa huko msikodoe macho, kwetu mbegu hizo ni za supu ya mkesha wa Krismasi, na hakuna bibi aliyewahi kulewa kwazo. Alizipasua katikati, akazielesha kwenye visahani vya kioo vyenye maji ya bwawa, na baada ya siku chache kila mbegu ilikuwa imeota ndevu nyeupe. Hiyo ilikuwa njia ya kuwaweka hai. Wakati wa kuwapima, mbegu iliondolewa, wakapewa mchuzi uliotengenezwa kwa maji ya mvuke, yasiyo na kitu ndani, halafu chumvi moja moja: potasi, fosfeti, magnesi, chokaa kidogo, chuma na zinki kiasi cha kukaa kwenye ncha ya sindano, na sukari ya kuwapa nguvu. Unaondoa kimoja, unatazama nani amekonda.

Kwenye salfa ndipo kuvu hawa walipoleta maringo. Mimea yote ya shambani inachukua salfa kutoka kwenye chumvi ya haluli, ile ya kunywa tumbo likifunga. Kuvu wa majini hawaitaki. Wao wanataka salfa iliyokwisha kupita kwenye mwili wa kiumbe: ya yai, ya nyama, ya unywele. Wape haluli tupu, watakufa njaa mezani huku chakula kimejaa. Truda alijivunia ukaidi wao kama mama anavyojivunia mtoto asiyekula kwa jirani.

Kisha akaja Bogusia.

Bogusława, kwa jina kamili, kutoka Sosnowiec, ng'ambo ya mto Brynica, na kwetu Silesia mtu wa ng'ambo ya Brynica anabaki mgeni hata akizikwa hapa. Alikuwa msichana mpole, mwenye nywele za rangi ya asali zilizong'aa hata siku isiyo na jua. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nasi tulimpa meza mbovu, kigoda kinachoyumba, na visahani vyenye mikwaruzo. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomuudhi Truda kuliko yote.

"Mtu asiyelalamika ana lake jambo," aliniambia.

"Lake jambo ni kazi, wifi. Jaribu na wewe."

"Nyamaza, Hajdla."

Wivu ungebaki wa kawaida, wa kuchungulia sahani ya mwenzio, kama isingekuja habari ya Katowice. Daktari alipewa maabara mpya huko mjini, na aliruhusiwa kumchukua msaidizi mmoja tu. Mmoja. Huyo angepata pia chumba chenye joto la mabomba, tramu mlangoni, na jina lake likiandikwa chini ya jina la Daktari katika maandishi ya kisomi. Wa pili angebaki Zastawie kusugua mabeseni ya karpi. Truda alikuwa amewalea kuvu wale tangu ujana wake. Alishachagua hata rangi ya mapazia ya chumba hicho, na kaka yangu alishakubali kusafiri kwa treni kwenda mgodini, maskini, bila kuulizwa.

Sasa sikilizeni alivyojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Siku ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimba makaa, ikawa inakaribia. Mgodi hufanya dansi, wanaume wanavaa sare nyeusi na kofia za manyoya, na wake zao wanapimana kuanzia viatu. Alojz, ambaye Mungu alimpa mikono mizuri na ulimi wa kipumbavu, akasema wakati wa chakula cha Jumapili, mdomo umejaa kabichi nyekundu: "Yule msichana wenu wa Sosnowiec naye atakuwepo. Kaka yake kahamia zamu yetu. Ana nywele yule! Kama farasi wa maonyesho."

Truda aliweka uma chini polepole. "Na mimi nina nywele gani?"

"Wewe?" Kaka yangu akamtazama kama anayeulizwa bei ya mbao. "Za kawaida. Zinatosha."

Niliwaza kuondoka na sahani yangu.

Jumamosi ya dansi, mchana, Truda alinifuata kituoni nikiwa peke yangu. Jiko la maji la nyumbani kwao lilikuwa limeharibika, na maabara ilikuwa na mtambo wa gesi wa kuchemshia maji. Alibeba taulo, siki na mayai mabichi. Mama zetu walituosha nywele kwa viini vya mayai, na hadi leo sijaona dawa ya dukani inayozidi. Nikammwagia maji. Alihitaji chombo kikubwa cha kupigia viini, akachukua bika kutoka rafu ya vyombo safi, lile kopo kubwa la kioo lenye alama za vipimo, lililomeguka mdomoni.

"Wifi, hilo si la mchuzi wa kuvu?"

"Leo lina kazi gani? Kuvu hawaendi kwenye dansi."

"Daktari akijua?"

"Atajuaje? Utamwambia wewe?"

Alisugua, akasuuza, nywele zikalia kama kioo kipya, nakiri. Kisha akalisuuza bika kwa maji ya moto yaleyale ya mtambo. Nilimwambia: yai huoshwa kwa maji baridi, wifi, ya moto yanalipika likashika ukutani. Alinijibu kwamba yeye ndiye mwenye koti jeupe. Kanuni ilikuwa kila chombo kilichochafuka kilazwe kwenye beseni la asidi ya kahawia hadi kesho yake, lakini chombo kimoja peke yake kwenye asidi siku ya Jumamosi kingezua maswali. Akalifuta, akalirudisha kwenye rafu ya safi, akaenda kuvaa.

Alipendeza. Alojz alicheza naye nyimbo tatu mfululizo bila kukanyaga mtu. Lakini Daktari Haładyn naye alialikwa, na kati ya wimbo na wimbo nilimwona ameinama kwa Bogusia anasema jambo, na msichana anaitikia kwa kichwa, mashavu mekundu. Truda akajipenyeza hadi pale na glasi yake kama anayetafuta kiti. Alirudi amepauka.

"Amempa mchuzi wa haluli," akanambia. "Ule wa kuonyesha kwamba hawali. Eti aanze Jumatatu, atengeneze chupa nzima ya akiba. Hajdla, kazi ile ni yangu! Ukaidi ule ni wangu mimi!"

"Amekuambia wewe utafanya nini?"

"Eti nipumzike, nifanye vichache vya kulinganisha. Nipumzike! Mimi ni ajuza?"

Siku zilizofuata Bogusia alitengeneza mchuzi wake, akaweka kuvu waliotenganishwa na mbegu, akafunika. Truda akatengeneza wake mezani kwake. Chakula kilekile, haluli ileile, kuvu wa bwawa lilelile. Wote tulijua kitakachotokea: watakonda, watageuka ute, watakufa.

Wa Truda wakakonda. Wa Bogusia wakanenepa.

Sikujua mtu mzima anaweza kupiga kelele vile kwa sababu ya kisahani. Daktari alikimbia kutoka dirishani hadi mezani na kurudi. Ndevu nyeupe zilijaa kisahani kizima, zinaelea kama shungi la bata. Kuvu wa majini aliyekula haluli! Akamwambia Bogusia arudie, naye akamimina kutoka chupa ileile ya akiba, na wakanenepa tena. Daktari akamwita Truda.

"Bi Truda, njoo uone. Vyako na vyake. Umeona tofauti?"

"Naona, Daktari."

"Ni mikono! Kuna watu vitu vinaota mikononi mwao."

Kijiba cha roho kilimkaba pale pale, nilikuwa nafagia karibu na nikaona shingo yake inavyobadilika rangi. Tangu siku hiyo hakula vizuri. Alimkazia Bogusia macho kama paka kwenye tundu. Alichunguza kama anaweka mate, kama anaweka mkate, kama anaomba. Alimchukia alivyokohoa. Alichukia leso yake. Nyumbani alimgombeza Alojz kwa kupumua, na Alojz akaanza kupenda zamu ya usiku. Siku moja nilimkuta kwenye kioo cha ukumbini ameinua mikono yake miwili anaitazama, kana kwamba imemsaliti, na nilimhurumia, ingawa sikumwambia.

Kisha akaliona lile bika. Lilikuwa mezani kwa Bogusia, lenye mdomo uliomeguka, na ndani yake kuna kijiko cha kukorogea. Bogusia alikuwa ametoka kunywa chai. Truda akapitisha ukucha ndani, chini kidogo ya alama ya juu, na ukucha ukatoka na utando mwembamba wa njano.

Alinijia kwenye chumba cha tanuri akicheka, na machozi yanamtoka. Nilidhani kaka yangu amekufa.

"Yai!" alisema. "Ni yai langu, Hajdla! Hawajala haluli wale, wamekula yai! Msichana hana mikono wala nini. Ametengenezea mchuzi kwenye bika la nywele zangu."

"Nilikuambia maji baridi."

"Wee! Achana na maji baridi. Mikono ya dhahabu, ati! Kumbe kiini cha kuku wa mama mkwe!"

"Basi nenda ukamwambie Daktari."

Kicheko kikakatika. Akakaa juu ya ndoo yangu ya makaa na koti lake jeupe.

"Nikamwambie nini? Kwamba niliosha nywele kwa vyombo vya maabara, nikaruka asidi, nikarudisha kwenye rafu ya safi? Atanifukuza hata kwenye mabeseni ya karpi."

"Mwiba wa kujichoma."

"Usinipe methali, nipe akili."

Nikampa akili, na ilikuwa akili nzuri. Nilimwambia anyamaze. Chupa ya akiba itaisha. Bogusia atatengeneza nyingine kwenye chombo kingine, kuvu watakonda, na mambo yataisha yenyewe. Truda alitulia, kisha nikaona uso wake unapata joto, maana alikuwa amefika kwenye wazo lake mwenyewe, ambalo halikuwa langu.

"Atakuwa ameshahamia mjini," alisema taratibu. "Atatengeneza chupa mpya mbele ya wasomi wote. Na haitaota kitu." Akameza mate. "Nitasubiri. Naweza kusubiri."

Nakuambieni, alikuwa radhi kuikosa Katowice ili mradi Bogusia aipate na kuumbuka. Huo ndio wivu wenyewe, uliokomaa. Bika akaliosha kwa asidi, akalirudisha.

Mwezi wa kwanza, barafu imefunika mabwawa, walikuja maprofesa wawili kutazama maajabu. Nilikaanga, nilioka mkate mtamu wa mbegu za mpopi, nilipanga kahawa kwenye glasi. Maabara nzima ilikaa meza moja. Bogusia alivaa blauzi yenye kola nyeupe na hakujua mikono aiweke wapi. Truda alikaa mkabala naye, ametulia, anatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi. Nilijivunia akili niliyompa.

Maprofesa walitazama visahani kwa hadubini, wakaguna. Mzee wao, mwenye masikio makubwa, akamshika Bogusia mkono, akaugeuza juu chini mbele ya watu wote.

"Na hii ndiyo mikono yenyewe?"

"Ndiyo hiyo," Daktari akasema. "Nami nimeamua mambo mawili. La kwanza, msaidizi wangu Katowice atakuwa Bogusława." Truda hakutikisika. Alikuwa akilingoja hilo. "La pili, kuvu huyu wa bwawa letu hajawahi kuelezwa na mtu. Anastahili jina. Nitampa jina la aliyemlea. Ataitwa kwa jina la Bogusława."

Nilimtazama wifi yangu. Nafasi alikuwa ameiachia, mapazia ameyaachia, tramu ameiachia. Lakini kuvu wale walikuwa wake. Aliwatoa bwawani kwa mkono wake, aliwapasulia mbegu miaka yote ile, na sasa wataitwa kwa jina la msichana wa Sosnowiec mpaka mwisho wa dunia, tena kwa sababu ya yai la Truda. Alisimama kwa nguvu hadi kahawa ikamwagika.

"Ni yai langu!" alipiga kelele.

Watu wakamtazama.

"Ni yai langu hilo mnalolisifu! Niliosha nywele humu ndani! Kwa bika lililomeguka, nikasuuza kwa maji ya moto, sikutia asidi, nikarudisha kwenye rafu. Yeye akalichukua. Wamekula kiini cha yai, hawajala haluli, hajafanya kitu yeye! Tengenezeni mchuzi mpya kwenye chombo chochote kingine, sasa hivi, mtaona watakavyokonda! Si mikono yake! Ni yai langu!"

Profesa wa masikio akauachia mkono wa Bogusia. Daktari alikuwa mweupe kama ukuta, maana maandishi yake yalikuwa tayari mezani yakingoja kutumwa, na nadhani aliona picha nzima: jina lake likichekwa kutoka Katowice hadi wasikojua karpi ni nini. Kisha akazunguka meza. Nilishika sinia, nikijiandaa kumtetea wifi yangu.

Akamshika Truda mabega yote mawili.

"Bi Truda," alisema, na sauti ilimtetemeka. "Umejiaibisha mbele ya wageni ili kuniokoa mimi na sayansi. Ni nani angefanya hivyo? Ni nani?"

Truda akaanza kuifuta kahawa kwa leso.

"Nilikuwa nakaribia kumchukua mtu kwa ajili ya mikono," Daktari akawaambia maprofesa. "Mikono inafundishika. Ukweli haufundishiki."

Basi Katowice ikawa ya Truda, pale pale, kwenye kahawa iliyomwagika.

Bogusia alilia kidogo, jikoni kwangu, si sana. Wakati wa kuvaa makoti alimsogelea Truda, akazungumza kwa upole wake uleule.

"Mama, mimi nilikuwa nimekaa mbele yako. Niliuona uso wako. Hukuwa ukimwokoa mtu."

"Basi kamwambie," Truda akasema.

"Hapana. Siku zote nilizokaa hapa, visahani vyangu vilipokufa, aliniambia, 'Mpelekee Truda.' Safari hii moja ndiyo aliyonisifu. Nami nilijua mkono wangu haukufanya kitu tofauti, na nikanyamaza kwa sababu nilitaka iwe kweli." Akafunga kitambaa chake. "Sina cha kumwambia."

Alibaki Zastawie, akawa bingwa wa mayai ya karpi, na nilimzoea hadi nikasahau ametoka ng'ambo ipi ya mto.

Truda alipata chumba, mabomba, tramu. Jina lake lilichapishwa chini ya jina la Daktari. Lakini mwanaume yule alikuwa na kisa kimoja alichokipenda kuliko vyote, na kila sikukuu ya jina lake, yaani siku ya mtakatifu wake, kila mgeni, kila kijana mpya wa maabara alikisikia: jinsi mwanamke wa kawaida, mke wa mchimba makaa, alivyosimama mbele ya maprofesa akajishtaki mwenyewe kwa ajili ya ukweli. Kila mwaka mwanamke yule alizidi kuwa mwema. Mwishowe akawa hata amelia. Na Truda alikaa pale na sahani yake, miaka nenda miaka rudi, akimsikiliza.

Siku Truda alipostaafu nilialikwa. Daktari alikuwa mzee wa fimbo, akasimama, akakisimulia tena kisa chote, watu wakifuta macho. Chini ya meza Truda alinishika mkono, akaubana hadi nikaumia.

"Unamsikia?" aliniambia sikioni. "Anampenda yule mwanamke wa kisa chake. Amempenda siku zote. Mimi ndiye niliyekuja kazini kila asubuhi, mimi ndiye niliyewalisha kuvu wake, na hajawahi kunisifu kwa hilo hata siku moja. Anamsifu yeye tu. Hajdla, mwanamke huyo ningekutana naye, ningemchukia kuliko nilivyomchukia Bogusia."

Wakaita jina lake, naye akainuka kwenda kupokea maua ya yule mwingine.